UZI: Msimu wa pili wa Andor, kwa mnaosema umepoa: turudi Ghorman pamoja

#1 (mleta uzi)

Wakuu, kama hujamaliza episodi zote 12 za msimu wa pili wa Andor, tamthilia ya Star Wars inayomfuata Cassian Andor, mwasi anayepambana na Himaya, uzi huu usiusome leo. Kamalize kwanza. Humu ndani nitataja nani kafa, kafa vipi na nani kamgeuka nani.

Nimeuangalia mara mbili. Mara ya kwanza nilikwenda na mwendo waliouweka wenyewe, episodi 3 kila wiki, kuanzia 22 Aprili hadi 13 Mei 2025. Mara ya pili nimeumaliza kwa usiku 4 mfululizo, na hiyo ndiyo iliyonifanya nikae niandike. Kila ninapopita nakuta malalamiko yale yale. Mwanzo umepoa. Harusi ya binti wa seneta Mon Mothma imevutwa mno. Cassian kaiba ndege ya kivita halafu kaishia msituni, kashikwa na waasi wanaogombana wenyewe kwa wenyewe. Na kila baada ya episodi 3 unarushwa mwaka mzima mbele, yaliyotokea katikati ujazie mwenyewe.

Ya msituni hata mimi niliiona ndefu, siitetei. Lakini kwenye sayari ya Ghorman sitoki.

Turudi episodi ya kwanza. Krennic, mkubwa mmoja wa Himaya, anakusanya watu wachache kwenye jengo lililo mlimani, kwa siri kubwa. Wanaonyeshwa filamu fupi ya kuisifia Ghorman: buibui wanaotoa hariri, mafundi wa vitambaa, mji wa kupendeza. Kisha anawaeleza anachokitaka. Chini ya ardhi ya Ghorman kuna kalkite, madini ambayo mradi wa Kaizari hauwezi kukamilika bila hayo, na yakichimbwa kwa kiwango kinachohitajika huenda sayari isikalike tena. Wakazi ni laki 8. Wafanywe nini? Hapo wanasimama maofisa wawili wa propaganda na kueleza namna watu wa sayari nyingine wanavyoweza kuzoeshwa kuwachukia Waghorman: wana kiburi, wanajiona, wanastahili. Hakuna anayefoka. Ni kikao cha kazi, chenye ajenda na mapumziko. Aliyesoma historia ya Vita Kuu ya Pili atakumbuka nyumba moja ya Wannsee, Berlin, 20 Januari 1942, ambako maofisa 15 walikaa kama dakika 90 kupanga namna ya kuwamaliza Wayahudi wa Ulaya.

Kwa hiyo sisi watazamaji tunajua tangu siku ya kwanza kwamba Ghorman itauawa. Halafu tamthilia inatupeleka kuishi huko.

Hilo ndilo mnaloliita kupoa. Tunaingia Palmo, mji mkuu, tunakaa kwenye mikahawa yao, tunawasikia wakiongea lugha yao, tunakaa kwenye vikao vyao vya siri ambavyo vinatia huruma kwa jinsi wasivyojua wanachokifanya. Cassian anafika akijifanya mbunifu wa mavazi, anawapima, anaona hawako tayari. Hotelini kuna kijana wa mapokezi, Thela. Anabeba mizigo, anaongea kwa adabu, na kwa sentensi chache tu anamweleza mgeni wake kwamba baba yake alikufa pale pale uwanjani, miaka ya nyuma, Tarkin, kigogo wa Himaya, alipoitua meli yake juu ya watu waliokuwa wameandamana kwa amani. Walikufa watu 500. Mnara wao wa kumbukumbu uko katikati ya uwanja, na kila anayevuka uwanja anaupita.

Sasa nenda episodi ya 8. Watu wanaanza kujaa kwenye uwanja ule ule. Askari wa Himaya wamepangwa kuuzunguka, na waliotangulizwa mbele ni vijana wabichi ambao hofu yao unaiona usoni. Mtu mmoja anaanza wimbo wa taifa lao, wa pili anapokea, wa tatu, mpaka uwanja mzima unaimba. Kamera haikimbii. Inakaa na nyuso ambazo tayari unazijua: yule wa mkahawani, yule aliyebisha kwenye kikao. Halafu mdunguaji wa Himaya aliyejificha juu anapewa amri, na risasi ya kwanza anampiga askari kijana wa upande wake mwenyewe.

Nilisimamisha hapo. Mara zote mbili.

Risasi ile isingeniuma kama ningekuwa nimefika Ghorman dakika kumi kabla. Tumezoeshwa sayari zinazolipuliwa na watu wake hatujawahi kuwaona hata wakinywa maji. Hapa Tony Gilroy na wenzake wametumia karibu nusu ya msimu kutufanya tuwe na majirani Ghorman. Ndiyo maana nasema episodi ya 7, 8 na 9 ndizo kitu kizito kuliko vyote vilivyowahi kutengenezwa kwa jina la Star Wars, filamu zikiwemo. Nipingeni, lakini pingeni kwa hoja.

#2

Mkuu sikupingi, nakuongezea. Na harusi uiweke kwenye hesabu hiyo hiyo.

Watu wanaona sherehe ya siku tatu, mavazi na mila za Chandrila, wanapeleka mbele. Wanachopeleka mbele ni Mon Mothma kuelewa kwamba Tay Kolma, rafiki yake wa utotoni, amekuwa hatari kwa sababu ya pesa, na Luthen, anayeendesha mtandao wa waasi kwa siri, ameshaamua nini kitampata. Hakuna anayemwambia waziwazi. Anamwona tu Tay akiingia kwenye gari, na dereva ni Cinta, mpiganaji wa Luthen. Basi, kajua. Anarudi ndani, anakunywa, anaingia katikati ya wageni na kucheza muziki kama mtu anayetaka mwili umzidi kelele akili. Genevieve O'Reilly hana neno hata moja pale, na mimi nilihisi koo linakauka.

Ukikikosa kipande kile, hotuba yake ya episodi ya 9 utaiona nzuri tu. Ukiwa nacho, unajua anayesimama mbele ya Seneti kulitaja tukio la Ghorman kwa jina lake, mauaji ya kimbari, ni mwanamke ambaye miaka miwili iliyopita alinyamaza rafiki yake akipelekwa kuuawa. Episodi hiyo ndiyo iliyompa Dan Gilroy tuzo ya Emmy ya uandishi Septemba 2025, na kwangu ilistahili kabisa.

#3

Mimi nakuja kuharibu sherehe, mnisamehe.

Bix, mpenzi wa Cassian. Naomba mtu anieleze Bix amefanyiwa nini msimu huu.

Msimu wa kwanza aliteswa na yule daktari Gorst kwa sauti za watoto waliouawa mpaka akili ikamtoka. Msimu wa pili unaanza, yuko Mina-Rau anajificha bila vibali, ofisa wa Himaya anamvizia na kutaka kumbaka. Anapigana, anamuua, anapiga kelele kueleza alichotaka kufanyiwa. Sawa, nilisema sasa wamempa nguvu. Mwaka unarukwa. Yuko kwenye chumba Coruscant, halali, anatumia dawa ili ndoto zisije. Anapata nafasi ya kulipiza kisasi kwa Gorst, nikashangilia. Mwaka unarukwa. Yuko Yavin, kwenye kambi ya waasi, na kazi yake sasa ni kumwangalia Cassian akienda na kurudi. Mwishoni anamwachia ujumbe na kuondoka ili mwanaume abaki kwenye mapambano. Na mara ya mwisho tunayomwona yuko shambani na mtoto.

Adria Arjona amecheza vizuri kila alichopewa. Tatizo langu ni alichopewa. Yeye ndiye aliyekuwa na waasi kabla ya Cassian, ndiye aliyemuunganisha na Luthen! Mtu huyo anamalizwa kwa kubebeshwa mtoto wa steringi?

#4

Nakazia #3. Kila neno.

#5 (mleta uzi)

#3, nimesoma mara mbili kabla ya kujibu.

Kwenye kuondoka kwake uko sahihi na nakubali bila kuzungusha. Kama angeondoka kwa sababu yake mwenyewe, kwa sababu amechoka, au kwa sababu anataka mapambano ya aina nyingine, ningeelewa. Anaondoka kwa sababu ya Cassian, na uamuzi mkubwa kuliko wote wa maisha yake tunauona kwenye ujumbe uliorekodiwa. Kuruka miaka kumemwonea Bix kuliko mtu yeyote. Yaani kila tunapomkuta amebadilika, na mabadiliko yenyewe yametokea tukiwa hatupo.

Ila kwenye mtoto sikufuati mpaka mwisho. Tulikulia kwenye kanuni moja, wote mnaijua: steringi hafi. Hapa tunamfuata mtu ambaye tangu filamu ya Rogue One ya 2016 tunajua atakufa ufukweni Scarif, na tamthilia haijaribu hata mara moja kutudanganya kwamba huenda akapona. Kile kipande cha mwisho shambani nilikipokea kama kitu ambacho Cassian hatakijua kamwe. Anapanda meli kwenda kufa na hajui ameacha nini. Iliniuma kwa ajili yake. Naelewa ikikuumiza wewe kwa ajili ya Bix.

#6

Kuhusu kuruka miaka, tukumbuke ilikotoka. Mpango wa mwanzo ulikuwa misimu 5. Walipoona kazi ya msimu mmoja inavyowala miaka, wakaamua ya pili iwe ya mwisho, na ile miaka 4 iliyobaki mpaka Rogue One wakaigawa: kila episodi 3, mwaka mmoja. Kwa hiyo mnachoangalia ni misimu minne iliyokamuliwa, na kila kikundi cha episodi 3 kina uzito wa filamu nzima.

Hasara ipo. Yavin ndiyo iliyoumia kwa macho yangu. Tunaiacha ikiwa jina tu, tukirudi ni kambi yenye meli, viongozi na sheria zake. Nani alikubaliana na nani? Watu waliokuwa hawaaminiani walikaaje meza moja? Msimu wa kwanza ulituonyesha kwa kina namna gereza la Narkina 5 linavyofanya kazi, sakafu kwa sakafu. Yavin nayo ilistahili jicho hilo. Na Saw Gerrera, yule kiongozi wa waasi wenye msimamo mkali: Forest Whitaker anapumua yale mafuta yenye sumu, anamfundisha kijana Wilmon kupenda moto, nywele zinakusimama, halafu basi, kaondoka. Ningempa episodi nzima.

#7

Mnaongea yote hayo na hakuna aliyemtaja Syril?

Kwangu Ghorman ni ya Syril Karn kuliko ya Cassian. Kyle Soller amemfanya mtu ambaye nilimchukia msimu mzima akanivunja moyo. Kapelekwa kule na Dedra, mpenzi wake na ofisa wa usalama wa Himaya, akiamini anasaidia kuwakamata wachochezi kutoka nje. Mtu wa utaratibu, mtu anayeamini kwamba ukifuata kanuni mwisho wake utatambuliwa. Anakuja kugundua kwamba mitambo ya kuchimba imeshaletwa, kwamba kila taarifa aliyoipeleka ilikuwa ya kusaidia mauaji, na kwamba mwanamke anayelala naye alijua. Anamkaba shingo. Anatoka nje, anatembea katikati ya watu wanaouawa, na unaona kichwani mwake hakuna kitu kilichobaki kimesimama.

Na pale pale anamwona Cassian! Mtu aliyemwinda miaka yote, chanzo cha kila balaa maishani mwake. Anamrukia, wanapigana kama wanyama, anamshinda, ana bunduki mkononi, na Cassian anamuuliza yeye ni nani. Hamjui. Hajawahi kumjua. Syril anaishusha bunduki kidogo tu, na Rylanz, Mghorman aliyemwamini, anampiga risasi ya kichwa.

Swali hilo ndilo waliloliweka kuwa jina la episodi. Mimi sijapata jibu lake. Alishusha bunduki kwa sababu amebadilika, au kwa sababu amegundua hakuwa chochote?

#8 (mleta uzi)

#7, mimi naamini alikuwa anaanza kubadilika. Nimeirudia sana sekunde ile. Uso wake unalegea kabla mkono haujashuka. Hakupewa muda wa kumaliza, na kwangu hiyo ndiyo adhabu yenyewe: alichelewa kwa dakika chache kwa jambo ambalo alikuwa na miaka ya kuliona.

#9

Naomba nimlete Luthen, maana uzi unaweza ukafika mwisho bila yeye.

Episodi ya 10. Dedra anaingia dukani kwake peke yake, kwa sababu anataka ushindi uwe wake. Wanaongea kuhusu vitu vya kale, kwa heshima, kila mmoja anajua mwenzake anajua. Luthen anageuka na kujichoma kisu. Hakufa. Wanampeleka hospitali wamtibu apone ili wamhoji. Na Kleya, aliyelelewa naye, anaingia hospitali ile yenye ulinzi wote wa Himaya, sakafu baada ya sakafu, kwenda kumzimia mashine.

Katikati wanatupa maisha yao ya nyuma. Luthen alikuwa sajini wa jeshi la Himaya. Siku kikosi chake kinachoma kijiji, yeye amejikunyata ndani ya meli, sauti za redio zinamfikia, anarudia kuomba wakome. Halafu anamkuta mtoto wa kike kajificha humo humo ndani. Kleya ametoka kwenye watu waliouawa na jeshi la Luthen. Wakaondoka pamoja, wakauza vitu vya kale, wakajenga mtandao wa waasi kwa miaka.

Elizabeth Dulau anapofika kitandani kwake hasemi hotuba. Anamgusa, anambusu kichwani, anazima. Mimi baada ya hapo sikuweza kuendelea na ya 11 usiku ule.

#10

Mimi nitakuwa mkweli, kilichonichefua ni yule mganga wa Yavin anayemgusa Cassian begani na kuhisi kwamba ana jambo kubwa mbele yake. Nilichopenda kwenye Andor ni kwamba hakuna aliyechaguliwa na nguvu yoyote. Kuna watu waliochoka, wakaamua. Leo mnaniambia Force, ile nguvu ya ajabu ya Star Wars, ilikuwa na mpango naye?

Dakika tatu tu, lakini zimenikaa vibaya.

#11

#10, ila angalia yeye Cassian anavyolipokea. Hataki kusikia. Anakasirika kabisa. Bix ndiye anayeamini, na ndiyo sababu anaondoka. Kwa hiyo waliweka imani ya mtu mmoja, hawakutuambia kwamba ni kweli. Mimi nilikubali.

Mwenye kosa kwangu ni kifo cha Cinta. Wamemtenganisha na mpenzi wake Vel, wamewarudisha pamoja, wamewapa kipande kimoja kizuri cha kupatana, na usiku ule ule anapigwa risasi kwa bahati mbaya na kijana wa Ghorman aliyeambiwa asije na silaha akaja nayo. Mpiganaji wa aina ile!

#12 (mleta uzi)

#11, niliporudia mara ya pili nilikuwa nakuunga mkono. Nilikuwa na aya nzima ya kulalamika kuhusu Cinta, nikaifuta leo asubuhi, na nitakuambia kwa nini.

Nilikuwa nadai afe kwenye mapambano makubwa, akiwa ameua kumi, kwa sababu nampenda. Kisha nikarudi kumsikiliza Vel. Hajapewa muda wa kulia. Anamshika yule kijana na kumwambia kwamba uzito huu ataubeba maisha yake yote, na kwamba kila atakachokifanya kuanzia sasa kitakuwa deni kwa Cinta. Ghorman ilikuwa na watu wenye moyo na wasio na mafunzo. Cassian aliliona hilo siku ya kwanza akasema hawako tayari, Luthen akawasukuma hata hivyo. Mtu alikuwa lazima alipe. Kulalamika kwangu kulikuwa kulalamika kwa nini amelipa yule ninayempenda. Bado naona walipaswa kutupa angalau siku moja zaidi ya Vel na Cinta wakiwa na furaha. Hilo silifuti.

Na dada yake Cassian, yule aliyeachwa Kenari? Kuna waliokasirika kwamba hakupatikana. Anamwota usiku wa mwisho, basi. Mimi nimeridhika. Watu wengine hupotea na hawaonekani tena.

#13

Mleta uzi, ulimtaja kijana wa mapokezi lakini ukaacha jambo. Thela unamkumbuka siku ya mauaji alimwambia nini Cassian?

#14 (mleta uzi)

Namkumbuka. Niliacha kwa sababu sikujua niliandike vipi, ngoja nijaribu.

Cassian amerudi Ghorman kwa jina jingine, safari hii mwandishi wa habari. Thela anamtambua na hasemi. Siku inapoharibika, Cassian anashuka na mkoba wake kuondoka hotelini, na Thela anamuaga kwa kumwambia kwamba uasi hujengwa kwa matumaini. Anasema kwa sauti ile ile ya mapokezi anayomwombea mgeni safari njema. Cassian anatoka mlangoni. Sisi hatumwoni Thela tena, hatuambiwi kama alipona au alibaki uwanjani kama baba yake.

Jana usiku niliweka Rogue One. Cassian na Jyn, steringi wa filamu hiyo, wanaingia Jedha, na Cassian anamwambia Jyn maneno hayo hayo. Baadaye Jyn anasimama mbele ya viongozi wote wa waasi kule Yavin na kuwaambia maneno hayo hayo. Filamu hiyo nimeiona mara nyingi tangu 2016 na siku zote nilidhani ni maneno ya Cassian.

Ni ya mbeba mizigo wa hoteli ya Palmo. Hakuna mtu kwenye chumba kile cha Yavin anayelijua jina lake.

#15

Naenda kuirudia episodi ya 8 sasa hivi.